Kisanduku cha Sigara za Bwana

Hasira bado zinaniwaka hata ninapowasimulia haya. Mimi ni boi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja hapa Iringa. Alipokwenda Mbeya aliniachia kazi moja tu: kulinda kisanduku cha sigara zake nene zisikauke kwa upepo wa kiangazi.

"Lowesha sifongo kidogo, weka ndani, funga," aliniambia, kana kwamba nimezaliwa jana.

Mimi! Kwetu Tukuyu baba yangu hufunga tumbaku yake kwa jani bichi la mgomba, na haikauki ng'o. Nikatupa sifongo, nikafunga kila sigara kwa jani, nikakaza kamba.

Baada ya siku chache kisanduku kikaanza kunuka uvundo. Nikamjia juu mpishi, Mzee Mgaya.

"Ni mvuke wa masufuria yako huo!"

Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Yeye akaendelea kumenya viazi, na hilo ndilo lililozidi kunichoma.

Bwana aliporudi na wageni, sikungoja hata aketi. Nikamnyooshea mzee kidole mbele ya wote: "Huyu ndiye aliyeharibu sigara zako!"

Bwana akafunua kisanduku. Majani ya mgomba yalikuwa yameoza, na sigara zimeota ukungu mweupe kama ndevu.

"Mgaya, ni wewe?"

"Mimi ni Mhehe wa hapahapa Iringa, Bwana," mzee akajibu taratibu. "Katika nyumba hii, aliyekulia migombani ni mmoja tu."

Wote wakanigeukia. Kidole changu kilikuwa bado hewani.