Meli Hungoja Basi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, Mkuu wa Matembezi alinisimamisha dirishani akanionyesha meli ya watalii iliyofunga gati bandarini Kilindini. "Bakari," akasema, "shika neno moja tu. Meli hungoja basi. Meli haimngoji mtu." Alikuwa Mtaita, mtu wa kanisa, na ofisini sikuwahi kumwona akicheka.

Nyinyi wa simu za mkononi hamjui ilivyokuwa. Wageni walitoka mbugani, wakalala Mombasa, kesho yake wakapanda meli. Hapo katikati walikuwa na nusu siku ya kuuona mji, nasi tuliwapa njia mbili. Ya kwanza ni matembezi ya kuongozwa: basi letu, kiongozi wetu, Ngome, Bandari ya Kale, maduka ya viungo, kisha madafu ufukweni Mama Ngina. Basi likichelewa, ofisi hupiga simu bandarini na nahodha hungoja. Ya pili ni kujiendea: mgeni aende atakako kwa miguu yake, lakini ngazi ya meli ikishapandishwa asimlaumu mtu. Mimi niliwaeleza haya wachague, kisha nikawaongoza wa basi.

Siku moja akaja Bi Kusum, mama wa Kihindi aliyekwisha kula chumvi nyingi, pamoja na mwanawe. Aliponisikia nikisema na dereva, akanishika mkono. Lo! Kiswahili chake kilikuwa cha Kibokoni kabisa, mtaa wetu wa Mji wa Kale.

"Mwanangu, wamjua Rukia wa Kibokoni? Tulikaa ukuta kwa ukuta. Mamangu alikufa akinizaa, na mamake Rukia ndiye aliyeninyonyesha."

Nilimjua sana. Bi Rukia alikuwa jirani yetu, na wakati huo hajiwezi kitandani, hata maji hunyweshwa kwa kijiko. Nikamwambia ukweli.

"Nikijiendea," akauliza, "meli itaningoja?"

"La, mama. Haitakungoja."

Mwanawe akakataa katakata. "Mama, una maradhi ya moyo, na dawa zako zimetangulia melini na mizigo. Ikituacha je?" Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu. Machozi yakamtiririka Bi Kusum. "Basi nitie kwenye basi," akasema. Wallahi, uchungu ule ninao hadi leo.

Mji wa Kale tuliutembea kwa miguu, basi likatungoja barabarani. Amri ya Mkuu ilikuwa wazi: usiwaingize wageni majumbani mwa watu. Tulipofika kichochoro cha kina Bi Rukia nikapiga moyo konde, nikapinda, kundi zima na kamera zao nyuma yangu. Nikabisha hodi. Mkaza mwana wa Bi Rukia akafungua, akashika kichwa.

"Karibuni! Wote hawa?"

"Wote. Ni wageni wa mama."

Bi Kusum akaingia chumbani, akaketi kitandani. Bi Rukia akafumbua macho, akamtazama kitambo.

"Kusum. Mbona umekawia?"

"Ni mbali nilikopelekwa, dada."

Wakashikana mikono wakalia. Yule mwana, aliyekuwa akitazama saa tangu asubuhi, akakaa sakafuni miguuni pao.

Kwetu mgeni haachwi aondoke na kinywa kikavu. Nje, kwenye baraza, kahawa ikaletwa, jirani huyu akaleta kaimati, yule mahamri. Kila nikiaga naambiwa, "We Bakari, una haraka gani? Hawa hawajala!" Saa zikayoyoma, na mara Mkuu akatokea mwenyewe, amelikuta basi tupu akatuulizia vichochoroni, jasho likimchuruzika.

"Bakari! Meli imeshapiga honi! Hapa ni wapi?"

"Kwa dadake mgeni wetu, bwana Mkuu. Dada wa kunyonya."

Akachungulia chumbani. Akavua kofia, akasimama pale. Nikajua kazi sina tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani ana simu hapa?" Akapelekwa dukani, nikamsikia akiwaambia watu wa bandarini, "Basi langu bado liko matembezini. Ndiyo, wote. Ngojeni." Akarudi, akapokea kahawa.

Kwenye ngazi ya meli Bi Kusum alinigeukia. "Uliniambia haitaningoja."

"Haikukungoja wewe, mama. Imelingoja basi."

Akacheka huku analia. Kesho yake Mkuu alinikaripia hadi masikio yakaniwaka, ila hakunifukuza.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoongoza wageni huniuliza ipi bora, kuongozwa au kujiendea. Huwaambia wamuulize mgeni kwanza: unakwenda kutazama, au unakwenda kwa mtu?

Bi Rukia hakukaa sana baada ya siku ile. Mazishini Mkuu alikuja, akasimama nje ya msikiti, kofia mkononi. Jeneza lilipotoka nikamwambia aende zake kazini, makaburini tutakawia.

"Nendeni," akasema. "Nitangoja."