Mbali na Watu

Mume wangu hana hata subira ya kungoja barafu igande ndani ya friji, lakini kila jioni hapa Nizwa, kwenye joto la jangwani, hukodolea macho televisheni, akiangalia Wazungu wanaovua kwenye ziwa lililoganda. Mtangazaji huwaacha wenziwe na mahema yao, akaenda mbali kabisa peke yake, akatoboa barafu na kutoa samaki mkubwa kama mtoto wa mbuzi.

"Unaona?" huniambia mume wangu. "Samaki wazuri wako mbali na watu."

Basi Jumamosi moja akaamua twende sisi wawili tu, tupite mji wa wavuvi wa Ashkhara mpaka pwani isiyokuwa na mtu. Kosa lake, alimpigia mamake simu kumwamkia, akamwambia. Mtu hafunzwi mama yake alivyo.

Njia panda ya Bidbid tukakuta gari saba zinatungoja, zimejaa mashangazi, masufuria na mabirika ya kahawa. Tulipofika pwani, mume wangu akachukua mshipi wake akajitenga. Kila aliposimama, mamake alimpelekea mtu: mmoja na kofia, mwengine na chai, wa tatu kumuuliza kama amepata. Hakupata hata dagaa.

Tulikula nguru. Mama mkwe alimnunua Ashkhara tulipokuwa tunapita, kimyakimya.

"Wiki ijayo twende mbali zaidi," mume wangu akaninong'oneza.

"Inshallah," akajibu mamake kutoka jamvi la pili. "Nitawaambia mashangazi."