Jiko Lililong'arisha Jikoni Kwangu

Tulinunua jiko jipya ili mwanangu apone. Tangu lilipoanza kuwaka, akazidi kukosa pumzi.

Sitanii, na sisimulii habari za watu. Haya yamenikuta mimi, msusi, mama wa mtoto mmoja, na mpaka leo nikisikia mtoto wa mtu anakohoa, nageuka kabla ya mama yake.

Mwanangu tulimpachika jina la Kengele. Alikuwa na sauti hiyo! Akiita "mama" uani, wateja wangu barazani wanaitika pamoja na mimi. Miaka minne tu, lakini mdomo wa mtu mzima.

Halafu sauti ikaanza kuondoka.

Kwanza kikohozi. Tukasema mafua. Kisha kifua kikaanza kupiga miluzi kila akivuta hewa, na mbavu zinaingia ndani hadi unaziona zote. Daktari wa zahanati ni mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza kifua, akaninusa shati.

"Unapikia nini?"

"Kuni."

"Wapi?"

"Jikoni. Ndani."

"Basi ndiyo hiyo. Mama, mimi nitampa dawa, lakini ukimrudisha kwenye moshi tunapoteza muda. Ondoa moshi. Kifua hiki kikibana sana, siku moja kinaweza kisifunguke."

Kisifunguke! Jamani, hebu aambiwe mwanamke mwenye mtoto mmoja neno kama hilo. Nilitoka pale nimemshikilia Kengele utadhani kuna mtu anamvuta upande wa pili.

Siku hiyohiyo nikaweka sheria. Nikishika tu kiberiti, Kengele anakwenda kwa Bi Taratibu.

Bi Taratibu ni jirani yetu wa nyuma, mjane mtu mzima, hana mtoto, kazi yake kufuma sweta. Jina tulimpa sisi, maana kila neno lake linaanza na "taratibu". Nyumba zetu zimepeana mgongo. Katikati kuna uchochoro mwembamba hata beberu akipita anajikuna pande zote mbili. Mlango wake uko barabara ya pili, kwa hiyo unazunguka kona, unagonga, yeye anatoka, anampokea mtoto. Mimi ndani sikuwa naingia. Nina wateja, nina mapishi, nakimbia.

Na alimpenda yule mtoto, acha tu. Akimwona anacheka hadi macho yanapotea.

Sasa, jiko.

Mimi na baba Kengele tukaenda sokoni kwa muuza majiko. Mume wangu ni fundi rangi, mtu wa kimya, mpaka umkorofishe sana ndiyo unajua ana sauti. Muuza majiko yeye, Mungu alimpa mdomo akasahau kumwekea breki.

"Dada yangu, umefika! Nina haya mawili. Hili fupi lina kuta mbili na matundu huku juu. Moshi ukipanda unakutana na hewa ya moto, unaungua hapohapo. Unachoma kuni, unachoma makaa, unachoma mabunzi ya mahindi, lenyewe halichagui. Ila kuni ziwe kavu, tena uzipasue ndogondogo."

"Na lile refu?"

"Lile linakula gogo zima! Moshi wote unapanda kwenye bomba, unakwenda nje. Jikoni kwako unaweza ukalala."

Mume wangu akalizungukazunguka lile fupi, akaligonga kwa kidole.

"Mama Kengele, mimi naona hili fupi. Moshi wenyewe ni mdogo."

"Nani atapasua kuni ndogondogo kila siku? Wewe?"

Akainama kuchungulia matundu ya jiko.

"Nimeuliza, wewe?"

Akakohoa kidogo, akaangalia juu kama mtu anayetafuta mvua.

Tukachukua refu.

Fundi akaja, akatoboa ukuta wa nyuma, akapitisha bomba, akaziba kwa udongo. Mume wangu akapaka jikoni rangi nyeupe, ili masizi yakianza tu tuyaone. Nikawasha. Nikakaa katikati ya jikoni na gauni langu la kutokea, nikavuta hewa mapafu yote.

Hewa safi! Hata kunuka, hakuna.

Nililia. Wallahi nililia, nikamkumbatia baba Kengele na rangi zake. Nikatangaza mtaa mzima. Wateja wakawa wakija kusuka lazima kwanza nikawaonyeshe jiko langu lisilo na moshi. Hata Bi Taratibu nilimweleza pale mlangoni kwake, nikamwambia huu moshi wa majiko ya kisasa hauna madhara, wataalamu wameshaushinda.

Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Furaha tu.

Baada ya muda si mrefu, Kengele akaanza tena.

Mara hii vibaya zaidi. Usiku nikiweka mkono kifuani kwake nausikia mluzi kwenye kiganja. Akawa hataki kula, maana kutafuna na kuvuta hewa vimekuwa kazi mbili. Siku moja aliniita barazani, nikaona mdomo unacheza, sauti haitoki. Nilidondosha kitana.

Nikakimbilia jikoni kukagua. Ukuta mweupe! Nikapitisha kitambaa juu ya bomba, kwenye dari, nyuma ya makabati. Safi. Mume wangu naye akapitisha kiganja, akakitazama, akakaa chini kwenye gunia.

"Sasa ni nini?" akasema. "Mama Kengele, sasa ni nini?"

Nikafanya alichoniagiza daktari, nikazidisha. Hata kuchemsha maji ya kuoga, mtoto anakwenda kwa Bi Taratibu. Nikipika kitu kirefu, anakaa huko hadi makaa yazime. Analala huko mchana. Niliona ndiyo namlinda.

Na kadiri nilivyomlinda, ndivyo alivyozidi kukosa pumzi.

Nikabadilisha godoro. Nikamchinja kuku wangu wa pekee eti manyoya. Nikawazuia wateja wanaojipulizia manukato. Nikaombewa huku na kule. Nilikonda hadi pete ikawa inavuka kidoleni nikifua. Mume wangu alikuwa akirudi kazini anasimama nje ya mlango kwanza, anasikiliza, ndipo anaingia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Naogopa kukuta kimya."

Mwanamume akikwambia hivyo unamjibu nini?

Barazani kwangu nako maneno hayakosekani. Mteja wangu mmoja, mwenye kukaa kitini kama jaji, akaniambia nikiwa namfumua:

"Shoga, jiko safi, nyumba safi, dawa anakunywa. Hapo kuna mkono wa mtu."

"Acha hizo."

"Haya. Mtoto akitoka nyumbani kwenda huko nyuma anakuwaje? Na akirudi anakuwaje?"

Mikono yangu ikaganda kichwani kwake.

Anaondoka ana nafuu. Anarudi hoi.

Nilijitahidi kulitupa lile wazo, likakaa. Mpaka mchana ule, nimeivisha chakula, nimezunguka kona kumfuata. Bi Taratibu akafungua mlango amembeba begani, uso umembadilika kwa hofu.

"Taratibu, mwanangu, mtoto hayuko sawa leo..."

Kengele alikuwa na midomo ya buluu.

Nikamnyakua. Siku zote anatembea mwenyewe, leo kichwa chake kikaniangukia shingoni, na hapo pua yangu ikanasa kitu. Mimi ni msusi. Nywele zinaniambia zilikolala, zilikopita, zimepakwa nini. Nywele za mwanangu zilinuka moshi. Moshi mzito, wa muda mrefu.

Na nyumbani kwangu hakuna moshi!

Akili ikaruka. Bibi huyu anamfukiza mwanangu!

Nilikimbia na mtoto hadi zahanati, sijui nilivukaje barabara. Daktari akamvalisha barakoa ya mashine, mvuke ukaanza kuingia. Mume wangu akafika na brashi mkononi, hata kuiweka chini amesahau. Tukasimama tunahesabu kifua kile kikipanda, kikishuka. Kila kikishuka nadhani hakipandi tena. Nilimwambia Mungu achukue mkono wangu mmoja, achukue yote miwili, nitasuka kwa meno.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Taratibu. Katembea njia yote hiyo na miguu yake ile, anahema.

Nilipomwona nikawa mbogo.

"Umekuja kuangalia kazi yako imeisha? Unamfukiza nini mwanangu? Sema mbele ya watu! Unamfukiza nini?"

"Taratibu, mwanangu, moshi ule..."

"Usiniite mwanangu! Huna mwana! Umekosa wa kwako unataka kummaliza wangu!"

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Wagonjwa wote wakageuka. Mume wangu akanishika bega, nikamsukuma.

Bi Taratibu alifungua mdomo kujibu, kikohozi kikamkamata. Kikohozi gani kile! Akainama, akashika ukuta, kinamtoka tu, na mwishoni kile kifua chake kikapiga mluzi.

Daktari akageuka polepole. Akaacha mashine, akaenda kwa Bi Taratibu, akamwekea chombo chake mgongoni. Akasikiliza. Akarudi kwa Kengele, akasikiliza. Akarudi tena kwake.

"Huyu mama anaishi kwenu?"

"Hapana," nikasema. "Jirani."

"Anapika kwa kuni?"

Bi Taratibu akatikisa kichwa. "Sipiki, daktari. Naletewa chakula na mpwa wangu. Kwangu hakuna hata kiberiti."

"Basi mnaniambia nini? Vifua hivi viwili vimekula moshi mmoja. Unatoka wapi?"

Bi Taratibu akaniangalia mimi. Sikumwona na hasira hata chembe, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Ni wa jiko lao," akasema. "Lile bomba linatazama dirisha langu."

Nikamwambia ni mwongo. Niliondoka pale nikimwachia mume wangu mtoto, nikaenda nyumbani, nikasokomeza gogo jikoni, nikawasha. Nikazunguka kona, nikapita mlango aliouacha wazi, nikaingia chumbani kwa Bi Taratibu kwa mara ya kwanza.

Dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Blanketi lilikuwa la samawati zamani. Sasa limekuwa jeusi katikati, na moshi unapita pembeni taratibu, unashuka, unajaa kuanzia chini. Ukuta wa chumba kile ulikuwa mweusi. Masizi yote niliyokuwa nayatafuta kwangu na kitambaa, nilikuwa nimeyahamishia pale. Amevuta kitanda hadi pembe ya mbali kabisa, na kando yake, chini, kuna kigodoro kidogo na sweta jekundu la mtoto ambalo halijaisha mkono mmoja.

Hapo ndipo mwanangu alikuwa analala. Kila nilipowasha jiko. Mimi mwenyewe nilikuwa nampeleka.

Nililia hadi moshi ukanikaba na mimi.

Mume wangu aling'oa lile bomba kwa mikono yake jioni ileile, akaziba tundu. Hakusema "nilikwambia." Bora angesema. Tukarudi kwa muuza majiko, tukachukua lile fupi, na kuni napasua mimi, ndogondogo, nazianika juu ya bati hadi zikauke kau, na jiko nawashia uani. Mkono una malengelenge hapa kwenye kidole gumba. Sitaki mtu anisaidie. Ukilitazama lile jiko juu yake hewa inatetemeka tu, na kabla sijaweka sufuria nazunguka kona, nasimama chini ya dirisha la nyuma, nanusa.

Kengele amepona. Sauti imerudi yote, na nyongeza.

Bi Taratibu hakupona hivyo. Kifua cha mtu mzima kikishachoka, daktari anasema, unakibembeleza tu. Anakwenda kwenye mashine kila wiki, na mimi ndiye ninayempeleka.

Siku ya kwanza nilipomshika mkono kumpeleka, nilipiga magoti palepale mlangoni kwake, mbele ya wapita njia. Nikamuuliza kitu kimoja tu. Kwa nini hakusema? Neno moja tu, "bomba lako linaniumiza," angeokoka yeye, angeokoka mtoto.

Alishika mlango, anatafuta pumzi.

"Uliniambia moshi wa kisasa hauna madhara. Nikakuamini, wewe umesoma kuliko mimi. Na ulikuwa umefurahi mno na jiko lako, mwanangu. Nikahofia nikilalamika utanuna, halafu huniletei tena mtoto."

Halafu akaniuliza, "Kwani sasa utaniletea?"

Niligeuka, nikamwita Kengele kwa sauti yangu yote, akaja mbio akanipita mimi mama yake kama hanioni, akaingia kwa Bi Taratibu moja kwa moja.

Wenzangu, mnaotafuta jiko: msiulize tu kama moshi utatoka jikoni kwenu. Ulizeni ni kiasi gani kinatoka, na kinakwenda kwa nani. Kabla hujalisifia jiko lako kwa watu, liwashe, toka nje, zunguka kona, mwombe jirani akukaribishe ndani, ukavute pumzi kwake.