Siku Kalunde Alipozunguka Nzambani

Kila mtu sokoni Kitui alijua kwamba Kalunde alizaliwa mvulana. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia. Alikuwa akiitwa Nzuki, alisema, akichunga mbuzi wa babake chini ya jiwe la Nzambani, mpaka siku beberu mmoja mtundu alipomponyoka, naye akamfuata akilizunguka lile jiwe. Beberu alitokea upande wa pili akiwa jike tena mwenye mimba, na Nzuki akatokea akiwa Kalunde. Wenyeji husema lazima uzunguke mara saba ndipo ubadilike. Kalunde akisikia hivyo alibetua mdomo. Hao walisimuliwa tu, alisema. Yeye alienda, na mara moja ilimtosha.

Mjukuu wake Ndinda, aliyemwita Susu, alilishwa hadithi hiyo pamoja na uji. Kila akienda kuteka maji alilitazama jiwe kwa mbali, na hakuwahi kulizunguka. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kwa ramani, na mwaka wa 1986, akiwa darasa la nane, alifika fainali za mashindano ya jiografia ya shule zote za Kenya. Mshindi angelipiwa karo ya sekondari. Mamake, Syokau, alikuwa ameshasema: bila karo hiyo, Januari mtoto anaenda mji wa Salama kwa shangazi yake, kuosha sahani kwenye hoteli ya madereva wa malori.

Waandalizi waliamua fainali za mwaka huo zifanyiwe Kitui, tena nje ya darasa. Asubuhi basi la shule likawashusha washindani chini ya Nzambani. Msimamizi, Bwana Muthama, akawaeleza kazi yao: kila mmoja alizunguke jiwe na dira yake, achore ramani, arudi alipoanzia kabla ya kipenga cha pili. Asiyezunguka, ramani yake haitatazamwa.

Kalunde alikuwa ameketi na wazazi nyuma ya kamba, akisuka kiondo. Aliposikia neno kuzunguka, mikono yake ikasimama.

Kipenga kikalia. Watoto wa Mombasa, wa Nyeri na wa Kisumu, ambao hawakujua lolote juu ya jiwe hilo, wakaondoka mbio. Ndinda alitembea kidogo, akasimama kama aliyeona nyoka njiani.

Syokau akamwita kwa upole, kisha kwa ukali. Nyuma yake mwanamume mmoja akanong'ona kwamba huyo msichana anaogopa kuota ndevu. Wachache walicheka, lakini hakuna aliyesogelea jiwe. Kalunde akainuka, akaenda mpaka kwenye kamba.

"Enda, Ndinda."

"Susu, nikirudi mvulana, mama atanijua?"

Kalunde alitaka kukiri kwamba aliizua tu. Lakini mtu aliyedanganya vizuri hivyo miaka yote haaminiwi kwa ghafla, na mtoto angedhani hiyo nayo ni hadithi nyingine. Akaweka kiondo chini, akainama, akapita chini ya kamba.

Bwana Muthama akamzuia. "Mama, wazazi hawaruhusiwi huku."

"Mimi si mzazi, mwalimu. Mimi ni nyanya. Naenda kumtafuta Nzuki."

Bwana Muthama alikuwa mtu wa huko huko. Akashusha kipenga, akampisha.

Leso nyekundu ya Kalunde ikapotea nyuma ya jiwe. Syokau aliokota kile kiondo, akakikumbatia. Mvulana wa Mombasa, Rashid, akarudi na ramani yake imekamilika, kisha msichana wa Nyeri. Bwana Muthama akatazama saa. Ndinda hakuwaona. Alikuwa amekazia macho ile kona ya jiwe, akingoja kuona kama atakayetokea ni susu yake au mzee asiyemjua.

Ikatokea leso. Ndani yake alikuwa Kalunde, anachechemea, anahema. Alikuja moja kwa moja, akaushika mkono wa mjukuu wake na kuuweka kwenye kidevu chake.

"Papasa."

Ndinda akapapasa. "Hakuna ndevu, Susu."

"Basi jiwe limezeeka kama mimi. Nguvu zake zote lilizimalizia kwangu. Kimbia sasa."

Ndinda alikimbia. Washindani wote walikuwa wamesharudi, na Bwana Muthama alikuwa na kipenga mdomoni. Syokau aligeuka, hakuweza kutazama. Kalunde alitazama mpaka machozi yakamtoka. Kipenga kilipolia, Ndinda alikuwa ndio kwanza anaanguka kwenye mstari, penseli kwenye meno, ramani kifuani.

Majaji walisema hawakuona ramani nyingine iliyoonyesha kila mkunjo wa jiwe namna ile, kana kwamba mchoraji alikuwa amelichunga maisha yake yote lisije likamsogelea. Ndinda akawa wa kwanza. Salama walitafuta mwosha sahani mwingine, na baadaye Ndinda mwenyewe akafundisha jiografia katika shule moja huko Mbumbuni.

Na Kalunde? Jumatatu iliyofuata alikuwa sokoni, akieleza kwamba huko nyuma ya jiwe aligeuka kweli, mzee mzima mwenye ndevu mpaka kifuani, na kwamba alilibembeleza jiwe mpaka likamrudisha kwa sababu ya mtoto. Wasioamini aliwaambia wakamuulize Ndinda, aliyempapasa kidevu kikiwa bado cha moto.