Hakuja Mikono Mitupu

Jumanne nilisimama mbele ya ghala la serikali hapa Gisenyi, pale wanapogawa maharagwe kwa nyumba zisizo na chakula. Zamu ilimfikia mama mmoja aliyeshuka kwa miguu kutoka Mudende, kule milimani, kikapu kichwani. Alipiga magoti, akakisogeza kikapu kwa mikono miwili mpaka mezani kwa karani.

"Mu kikapu iko nini?" karani akauliza.

"Iko viazi, bwana. Ni yako."

Karani alifunua jani la mgomba, akachungulia, akacheka. "Donc, we iko na chakula. Hii maharagwe ni ya watu wa njaa."

"Bwana, ile ni mbegu. Ni ya mwisho. Sasa ningekuja kuomba mukubwa mikono mitupu?"

"Mutu wa viazi hana njaa. Beba, wende. Mwingine!"

Mama akainuka. Aliimimina ile zawadi yake taratibu pembeni mwa meza. Kiazi kimoja kikaanguka. Akakiokota, akakipangusa kwa nguo yake, akakirudisha kwa wenzake.

"Kitu ya kutoa hairudi nyumbani," alisema, akashika njia ya Mudende na kikapu kitupu.

Nasikia wakubwa wakilalamika kwamba watu wa milimani wamezoea kupewa tu. Labda. Mimi nasema niliyoyaona: siku ile serikali haikumlisha mama yule. Kwa mbegu yake ya mwisho, yeye ndiye aliyeilisha serikali.