Mchi wa Gabaake

Msiba gani pale kijijini Kanye, Botswana, ulipikiwa nyama bila Gabaake na Modiri? Hakuna. Miaka nenda rudi wawili hao ndio walioponda seswaa, ile nyama ya misibani: sufuria kubwa la chuma katikati, huyu anainua mchi, yule anashusha, huku wakiwasengenya ng'ombe wa watu mpaka nyama inabaki nyuzinyuzi. Siku zile, jamani! Jasho linawatiririka, na wake zao kwenye moto wa wanawake, ng'ambo ya ua, wanawacheka.

Kisha moyo ukamwangusha Gabaake. Hospitalini wakamzibua mshipa, na siku ya kuruhusiwa nesi akamuuliza kama yuko tayari kujitunza. Dawa? Ndiyo, mma, akaitika kwa heshima. Kupunguza chumvi? Ndiyo, mma. Yeye alitaka kwenda nyumbani tu. Getini akamgeukia mkewe, Mmaboipelo.

"Hivi yule binti kasema nini?"

Mmaboipelo hakucheka. Tangu hapo kila jioni alimsomesha kama mtoto wa chekechea. Kifua kikibana afanyeje? Akae chini, aweke kidonge chini ya ulimi, amwambie mtu. Hilo la mwisho Gabaake alilitamka kwa kunong'ona. Mwanamume mzima aanze kulalamika kifua mbele za watu? Aibu gani hiyo.

Halafu Modiri akafa ghafla. Asubuhi ya mazishi Gabaake akauchukua mchi wake, na hakuna aliyethubutu kumnyima. Mmaboipelo alimtazama kutoka kwenye moto wa wanawake.

Aliponda kidogo tu. Mtu aliyesimama mahali pa Modiri hakuujua mwendo, michi ikawa inagongana. Ndipo kifua kikambana, kulekule kubana kwa siku ile alipoanguka. Wanaume wote walikuwa wanamwangalia. Angeweza kusingizia moshi. Modiri alisingizia moshi katika msiba uliopita, mkono kifuani, nao wakamtania kwamba uzee umemwingia.

Gabaake akauachia mchi, akakaa chini kwenye majivu, akaweka kidonge chini ya ulimi. Kisha akaita, sauti ikavuka ua mzima.

"Mmaboipelo, kifua kinanibana."

Mkewe akaja mbio, akaketi naye palepale upande wa wanaume, akamshika mkono wakati watu wanatafuta gari. Nyuma yao mchi mmoja uliendelea kuponda, peke yake. Gabaake akausikiliza, machozi yakamtoka.

"Kumbe ni kusema tu," akamwambia mkewe. "Modiri naye angesema tu."