Ncha za Viatu

Mama alifukuzwa Nyamongo kwa kosa la zebaki. Ndivyo nilivyokua nikijua, na kwa miaka mingi hata mimi nilimlaumu. Sina haja ya kuficha.

Wakati ule dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Mwalimu anaacha chaki, anashika sururu. Mama alikuwa akinunua mchanga uliosagwa, anauosha kwenye karai, anauchanganya na zebaki kwa mikono mitupu, kisha anachoma kidonge cha dhahabu na zebaki kwenye jiko lile lile la ugali. Mimba ya mdogo wangu ilimkuta hapo hapo jikoni. Mtoto alizaliwa mzima, akatembea, akakimbia. Alipofika darasa la pili miguu ikaanza kukakamaa. Viatu vyake vya shule vikawa vinalika mbele, kwenye vidole, wakati visigino bado vipya. Akawa anaanguka, anainuka. Mwishowe hakuinuka tena.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alisema mbele ya majirani, "Umempikia mtoto sumu. Toka kwangu." Mama hakubisha. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwa kaka yake, kijijini Kisaka. Mimi nilibaki na Tata, na mama sikumuaga.

Jamani, na dalili tulikuwa nazo nyumbani! Babu mzaa baba aliburuta miguu, ndala zake za tairi zikiisha vidoleni. Tuliambiwa alikanyagwa na ng'ombe. Tata mwenyewe alikuwa akijikwaa penye uwanja mtupu, na vijana wa bodaboda wanacheka, "Mzee kalewa saa nne asubuhi!" Eti mimi ningeunganisha mambo hayo? Thubutu!

Niliyaunganisha chuoni. Mhadhiri alieleza kwamba ndani ya seli zetu, kama za ng'ombe na panya, kuna protini zinazobeba mizigo. Zinapiga hatua juu ya nyuzi nyembamba, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Neva zinazoongoza miguu ni ndefu kupita nyingine, kwa hiyo mzigo usipofika mwisho wa safari, miguu ndiyo inayoumia kwanza. Zamani kila maabara ilizipa jeni za wabebaji hawa jina lake. Jeni moja, majina matatu, vurugu tupu! Mpaka wataalamu walipokubaliana: KIF, ambalo ni jina la ukoo, kisha namba, kisha herufi. Aliandika ubaoni KIF5A, akasema hii ikiwa na kasoro miguu inaweza kukakamaa, na mzazi mmoja anatosha kuirithisha.

Kalamu ilinidondoka. Ng'ombe, pombe, zebaki. Sisi nasi tulikuwa na majina matatu kwa kitu kimoja.

Mjomba alimpeleka mdogo wangu hospitali ya Mugumu kutolewa damu, na mhadhiri akanisaidia ipimwe. Majibu yalikaa miezi. Yalipokuja, jina lilikuwa lile lile la ubaoni, nami nikapanda gari hadi Mugumu, nikamalizia kwa bodaboda mpaka Kisaka.

Nilimkuta mama akipukuchua mahindi mlangoni. Mdogo wangu, sasa msichana mkubwa, alikuwa amelala ndani. Nilivua viatu, nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini. Nilimweleza yote, kwamba zebaki ni sumu kweli, lakini hii haikutoka kwake, ilishuka kutoka kwa babu kupitia kwa Tata.

"Kwa hiyo si mikono yangu?" aliuliza.

"Si mikono yako, mama. Nisamehe."

Aliitazama mikono yake, juu na chini, kisha akalia kwa sauti mpaka mjomba akatoka zizini kuuliza nani amekufa. Nililia naye. Niliona aibu, na moyo ukawa mwepesi pia, siwezi kusema uongo.

Mawingu yalikuwa yameanza kudondosha matone. Mama alijipangusa, akainuka kuniingizia viatu ndani. Nilikuwa nimevinunua Bomani, pale Tarime mjini, mwezi uliopita tu. Akasimama navyo mkononi. Alikipindua cha kulia, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, pale soli ilipolika, kisha akagusa kisigino kilichokuwa bado kipya. Akainua macho, akanitazama.

"Ni mawe ya njiani, mama," nikamwambia.